JOHN KILAKA: MCHORAJI WA HADITHI KUTOKA KUSINI YA ZIWA LETU



Kamati ya jumuiya yetu hapa Ruziba imetuomba sisi walimu tuandike, kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, historia ya mtu mmoja ambaye maisha yake yanaweza kuwafaa watoto wetu. Wenzangu wamechagua viongozi na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua mchoraji wa vitabu vya watoto. Najua wapo watakaouliza: kwa shida tulizo nazo, za posho, za maturubai na za madaftari, je, huu ndio wakati wa kuzungumza habari za picha za sokwe na mbwa? Naomba msomaji anivumilie mpaka mwisho, kisha ahukumu mwenyewe.

KITABU KILIVYOTUFIKIA

Mwaka juzi mgeni mmoja alituachia sanduku la vitabu vilivyokwisha kutumika. Vingi vilikuwa vya theluji na vya watoto wenye vyumba vyao vya kulala. Chini kabisa kulikuwa na kimoja chenye picha za rangi kali, kimeandikwa kwa Kiingereza, habari ya sokwe mvuvi anayetaka kupeleka samaki wake sokoni, na mbwa mlafi anayewamezea mate. Nikakitafsiri kwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa, nikakisoma mbele ya darasa.

Nilipofika kwenye picha ya samaki, darasa likachafuka. Mmoja akasema, "Mwalimu, huyo ni mukeke." Mwingine akabisha: kwao Kigoma, alikozaliwa kambini, samaki huyo huitwa mgebuka. Ndipo msichana mmoja, ambaye tangu aandikishwe hakuwa amesema neno darasani zaidi ya kuitikia jina lake, akasimama. Akasema, "Baba alimwita mikebuka." Kisha akatueleza jinsi baba yake alivyotoka usiku na taa, na kwa nini siku za mbalamwezi hakutoka. Alisema kwa muda mrefu, nami sikumkatiza.

Wote watatu walisema kweli. Ni samaki mmoja wa ziwa moja: Warundi humwita mukeke, Watanzania mgebuka, sisi wa Kongo mikebuka, na kule Zambia ni buka-buka. Hapo ndipo nikataka kujua ni nani aliyekichora kitabu kile.

CHIMBUKO LAKE: TINGATINGA

Huwezi kuieleza historia ya John Kilaka bila kuanza na mtu mwingine, marehemu Edward Saidi Tingatinga. Huyu alizaliwa miaka ya 1930 sehemu za Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa zama hizo alikwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akafika Dar es Salaam, akaishi kwa vibarua vya namna mbalimbali.

Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai ya wachoraji wala rangi za dukani zinazouzwa kwa wasanii. Alichukua vibao vya kutengenezea dari, akavikata miraba ya kama sentimita 60 kwa 60, akatumia rangi ya kupakia baiskeli. Alichora tembo, chui, ndege na miti, akauza picha zake nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipopita wageni wengi. Ndugu na jamaa zake wakajifunza kwake.

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Lakini wanafunzi wake hawakuiacha kazi. Waliendelea kufundishana, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika, na jina la mtu huyo likawa jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana dunia nzima. Tujifunze hapo: mtu aliuawa, lakini ufundi haukufa, kwa sababu alikuwa ameshamfundisha mwenzake.

KILAKA ANAINGIA

John Kilaka alizaliwa mwaka 1966 upande wa Sumbawanga, mkoa wa Rukwa. Hiyo ni nchi ya Ufipa, nyanda za juu zinazolitazama Ziwa Tanganyika kutoka kusini-mashariki. Sisi hapa Ruziba tupo kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilohilo. Kati yetu na kwao ni maji tu, ingawa ni maji mengi. Alikwenda Dar es Salaam, na huko akajifunza kazi miongoni mwa wachoraji wa Tingatinga.

Sasa, ndugu msomaji, angalia tofauti aliyoileta. Picha ya Tingatinga ya kawaida ni mraba mmoja: mnyama amesimama katikati, maua yamemzunguka, mtalii anainunua, anaitundika ukutani kwake, habari imekwisha. Kilaka alichukua rangi zilezile na wanyama walewale, akawapa kazi na majirani. Aliwavika mashati na khanga, akawajengea vijiji, akawapeleka sokoni. Mraba mmoja ukawa kurasa nyingi zinazofuatana, na mnyama aliyekuwa pambo akawa mtu mwenye tabia: mlafi, mwoga, mwerevu, mwenye huruma.

Na hadithi zenyewe hakuzitunga zote kichwani mwake. Alisafiri vijijini kuwasikiliza wazee wakisimulia, akazihifadhi, kisha akazichora. Kwa hiyo alikuwa mchoraji na msimulizi kwa pamoja, na pia aliwafundisha watoto kuchora.

VITABU VYAKE

Vitabu vilivyompatia sifa vilitolewa kwanza kwa Kijerumani, kwa msaada wa Baobab, shirika la vitabu vya watoto lenye makao yake Basel, Uswisi. Kisha vikatafsiriwa kwa Kiingereza na lugha nyingine. Nitaje vitatu.

Cha kwanza ni kile cha sokwe na samaki, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2005 huko Kanada kwa jina la Fresh Fish. Msomaji wa Ulaya huenda akadhani sokwe mvuvi ni ndoto tupu. Sisi tunajua kuwa Gombe, kaskazini ya Kigoma na si mbali na mpaka wa Burundi, sokwe huishi kweli kandokando ya ziwa hili.

Cha pili ni True Friends, cha mwaka 2006, habari ya Panya na Tembo. Panya alikuwa fundi wa kuwasha moto, tena mwenye akiba. Kabla ya kiangazi Tembo akamshauri waweke chakula nyumbani kwake, kwa kuwa nyumba yake ni kubwa na imara. Njaa ilipoingia, Tembo akafunga mlango akala peke yake. Panya akahama na ujuzi wake wa moto, na ndipo kijiji kizima kikatambua kimepoteza nini. Niliposimulia hadithi hii darasani sikuhitaji kufafanua lolote. Watoto wanaosimama kwenye foleni ya mgawo wanaijua habari ya ghala na mwenye ufunguo kuliko mimi. Walijadiliana saa nzima kama Tembo ni mwizi au ni mwoga. Mmoja aliuliza swali ambalo sijalijibu hadi leo: "Panya akirudi, atamwachia Tembo chakula tena?"

Cha tatu ni The Amazing Tree, cha mwaka 2009. Wanyama wana njaa, na katikati ya nchi yao upo mti uliojaa matunda yaliyoiva, lakini hayaanguki. Ili yaanguke, lazima mti uitwe kwa jina lake, na jina hilo analijua Kobe peke yake. Wakubwa wanatumwa kwanza. Wanaambiwa jina, wanaanza safari ya kurudi, na njiani linawaponyoka. Hatimaye ni Sungura, mdogo aliyedharauliwa, anayelifikisha.

Wazee wengi wataitambua hadithi hii mara moja. Husimuliwa kwa namna mbalimbali na makabila mengi ya Kibantu, kila moja na jina lake la mti. Kilaka hakujidai kuwa ni yake. Alichofanya ni kuiandika na kuipa rangi kabla haijapotea.

SI YEYE PEKE YAKE

Isidhaniwe kuwa Kilaka alikuwa peke yake katika njia hiyo. Tanzania ilianzisha Mradi wa Vitabu vya Watoto mwaka 1991, kwa msaada kutoka Kanada, ili shule zipate vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyotungwa na kuchorwa na wenyeji. Jirani zetu Rwanda, mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari, walianzisha jumba la vitabu la Bakame mjini Kigali, kuchapisha vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Fikirini nchi ilivyokuwa mwaka ule: nyumba zimebomoka, yatima wamejaa kila mahali, na bado watu wakaona kuwa kitabu cha hadithi cha mtoto ni hitaji la haraka. Bakame ndilo jina la sungura katika ngano zao.

TUNAJIFUNZA NINI

Narudi kwenye lile swali la mwanzo. Je, picha ni anasa kwa mkimbizi?

Tulipovuka mpaka, kila mmoja alibeba alichoweza. Godoro lilizama, mbuzi waliachwa, cheti cha shule kiliungua. Hadithi zilivuka pamoja nasi kwa sababu hazina uzito. Lakini kwa kuwa hazina uzito, hatuoni zinapoanguka. Sisi ni kama wale wanyama waliotoka kwa Kobe: tumeambiwa jina, na njia ya kurudi ni ndefu.

Masika yaliyopita tulimzika mzee wetu mmoja aliyekuwa akiwasimulia watoto kila jioni karibu na bomba la maji. Nilikuwa nimenuia kuziandika hadithi zake. Leo alasiri, nikasema, kesho. Baada ya mazishi niliwakusanya watoto tukajaribu kukumbuka. Tulipata mbili kamili. Ya tatu tunajua mwanzo wake tu: mwanamke anakwenda ziwani kuteka maji, anakuta mtumbi bila mtu, na ndani yake ngoma inalia yenyewe. Kilichofuata hakuna anayekijua. Lawama hiyo ni yangu, wala sitaki kumtwika mwingine.

Kwa hiyo, kwa niaba ya walimu wenzangu, naomba mambo matatu. Kwanza, wazee waje darasani kila Jumamosi asubuhi. Kiti na kikombe cha chai vitakuwepo. Pili, wazazi wasimchape mtoto anayechora nyuma ya daftari la hesabu. Tingatinga alianza na vibao vya dari. Mtoto akianza na nyuma ya daftari hajakosea. Tatu, Kamati itutengee daftari moja kubwa lenye jalada gumu, ambamo kila hadithi itaandikwa kwa jina la mwenye kuisimulia na la mtoto aliyeichora.

Yule msichana wa mikebuka amekwisha kuanza, bila kungoja daftari. Amemchora baba yake ndani ya mtumbwi, na taa mbele, na samaki ni wakubwa kuliko mtumbwi wenyewe. Nilitaka kumsahihisha vipimo, nikajizuia. Chini ya picha ameandika jina la kijiji chao, herufi zote zikiwa mahali pake.

Na kama kuna yeyote katika jumuiya hii anayejua ngoma ile ndani ya mtumbwi ilikuwa inamwita nani, tafadhali afike darasani. Tunamngoja.

Mwalimu wa darasa la tatu,
Ruziba