Saikolojia katika A-Level: Somo la vipimo, si la kubashiri nyoyo

SAIKOLOJIA, taaluma inayochunguza akili na mienendo ya binadamu, ni miongoni mwa masomo yanayopendwa mno katika kiwango cha A-Level nchini Uingereza. Katika miaka ya hivi karibuni ni Hisabati pekee iliyoipiku kwa idadi ya watahiniwa, na takriban robo tatu ya wanaoichagua ni wasichana.

Umaarufu huo umeandamana na dhana potovu kwamba ni somo jepesi, la kusoma yaliyomo moyoni mwa mtu. Mtihani wenyewe unakanusha dhana hiyo. Katika mtaala wa bodi ya AQA, mtahiniwa hukalia karatasi tatu za saa mbili kila moja, zenye alama 96 kila moja, zote mwishoni mwa miaka miwili. Hakuna kazi ya mradi ya kumwokoa. Angalau robo ya alama hutokana na mbinu za utafiti, na asilimia 10 au zaidi hupima hesabu: kukokotoa wastani, kufasiri grafu na kuchagua jaribio la takwimu linalofaa. Aliyeikimbilia saikolojia ili akwepe tarakimu hukutana nazo papo hapo.

Tafiti mashuhuri hazikaririwi tu, bali hukosolewa. Mnamo 1963, Stanley Milgram alichapisha matokeo ya jaribio lililoonyesha kuwa wanaume 26 kati ya 40 walitii amri ya kubonyeza swichi hadi volti 450, wakiamini wanamwadhibu mtu kwa umeme, ilhali hakukuwa na umeme wowote uliomfikia. Mwanafunzi hutakiwa kuuliza: Je, ilikuwa haki kuwahadaa? Na mbona hapakuwa na mwanamke hata mmoja?

Mada ya uhusiano wa mtoto na mlezi ina mizizi karibu na kwetu. Mary Ainsworth alianza kuwachunguza watoto wachanga na mama zao vijijini karibu na Kampala katikati ya miaka ya 1950, na kitabu chake kuhusu utafiti huo kikatoka 1967. Jaribio lililompa sifa, hata hivyo, alilibuni baadaye mjini Baltimore, Marekani. Iwapo kipimo hicho kinamfaa mtoto anayelelewa na nyanya, shangazi na majirani ni swali ambalo mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana mengi ya kulijibu.

Nchini Kenya, mitihani ya kitaifa ya A-Level ilikoma 1989, mfumo wa 8-4-4 ulipochukua nafasi yake, na saikolojia haikuwa somo la KCSE. Wanaoisoma kabla ya chuo ni hasa wale walio katika shule za kibinafsi zinazofuata mtaala wa Uingereza. Wengine huikuta vyuoni, wakiwemo wanaosomea ualimu.

Kwa anayekusudia kuisomea shahada, vyuo vingi vya Uingereza havimlazimishi awe ameifanya katika A-Level. Hatari ni kwa anayetamani udaktari: vyuo vingi vya utabibu hudai Kemia, na aghalabu Biolojia pia. Anayeiacha Kemia ili apate nafasi ya saikolojia huenda akafungiwa mlango huo akiwa na umri wa miaka 16.