Ndege za Kufundishia katika Anga ya Nyeri

Neno roboti lilianza kusikika katika mchezo wa kuigiza ulioandikwa mwaka 1920 na Karel Čapek, mwandishi wa Chekoslovakia. Lilitolewa katika neno la lugha yake lenye maana ya kazi ya shokoa. Katika mchezo huo viwanda vinatengeneza watumishi wasiochoka, ili binadamu apate kupumzika. Kisha serikali zinawanunua na kuwatia bunduki mikononi. Wanafunzi wangu huuliza kama jambo la namna hiyo laweza kutokea kweli. Huwajibu kwamba lilikwisha kutokea, tena karibu na kwao, ijapokuwa chombo chenyewe kilikuwa ndege.

Atokaye Nyeri kwenda Nyahururu hupita Mweiga, mji mdogo ulio chini ya misitu ya Nyandarua. Hapo, mwaka 1953, palitua ndege za aina ya Harvard, mali ya Jeshi la Anga la Uingereza. Ndege hiyo ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya kufundishia urubani. Ilikuwa na injini moja na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, ili mwalimu na mwanafunzi wake waruke pamoja. Zile za Mweiga zilitoka Rodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ambako marubani wa Uingereza walikuwa wakifunzwa.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wameingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Basi chini ya mabawa ya ndege zile yakafungwa mabomu madogo ya ratili 20, na bombom ikatiwa. Kazi yote ilikuwa hiyo. Hata ndege ndogo za Piper, ambazo raia huzitumia kwa safari zao, zilirushwa na polisi wa akiba kutafuta moshi na njia za wapiganaji.

Mwezi wa Novemba 1953 yakaongezwa madege ya Lincoln, yaliyoruka kutoka Eastleigh, Nairobi, yakiwa na mabomu ya ratili 500 na 1,000. Je, yalifaa? Kwa maoni yangu, mshindo wake ulizidi faida yake. Mianzi na miti mirefu iliwaficha watu, na rubani aliona majani matupu. Tembo, vifaru na nyati waliuawa au kujeruhiwa, na mnyama aliyejeruhiwa alikuwa hatari kwa kila aliyekutana naye, awe mpiganaji au askari. Mashambulizi ya angani yalikoma mwaka 1955. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, ukingoni mwa msitu, kwa risasi ya askari polisi wa kikabila.

Lakini haifai kuwatazama Waingereza peke yao. Mafundi wa Mau Mau nao walitwaa bomba la maji wakalifanya mtutu. Komeo la mlango likawa kipigio cha risasi, na vipande vya mpira wa baiskeli vikalivuta komeo mbele. Bunduki hizo aghalabu zilipasuka na kumjeruhi aliyezishika. Vitu vya nyumbani viliandikishwa jeshini, pamoja na panga la kukatia majani ya ng'ombe. Hata hivyo siwezi kuwapima kwa mizani moja: aliyeng'oa komeo la mlango wake alikuwa hana silaha nyingine, naye alipigania ardhi.

Mwaka 2002 kampuni ya Marekani iitwayo iRobot ilianza kuuza roboti ya kusafisha sakafu. Mwaka uo huo roboti yake nyingine ilikuwa Afghanistan, ikiwatangulia askari kuingia mapangoni. Nilipolieleza hilo darasani, msichana mmoja wa Mweiga aliuliza kama marubani waliokuja kwao walikuwa wamejifunza kuruka katika ndege za aina ile ile waliyoitumia kutupa mabomu. Nilimwambia kwamba yawezekana sana. Akaliandika jibu hilo katika daftari lake, kisha akauliza kama walimu wao walijua.