Samaki wa Umeme na Goti la Shosho

Kile kimashine cha TENS, cha kubandika gotini kipitishe umeme kidogo, kinauzwa kama teknolojia mpya. Mpya wapi? Karibu miaka 2,000 iliyopita, daktari wa Kirumi Scribonius Largus alishauri mgonjwa wa jongo akanyage taa, yule samaki mwenye umeme, pale ufuoni, mpaka mguu ufe ganzi hadi gotini.

Maelezo ya kisayansi yalichelewa sana. Mwaka wa 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba uti wa mgongo una kitu kama lango: neva za mguso zikichangamka, habari ya maumivu inabanwa. Ndiyo maana ukijigonga unajisugua. Miaka ya 1970, vimashine vidogo vikaanza kutumika.

Sasa, goti lililochakaa je? Mwaka wa 2009, wachambuzi wa Cochrane walipitia majaribio 18 ya tiba za umeme, mengi yakiwa ya TENS, yenye wagonjwa 813. Hawakuweza kuthibitisha kwamba inapunguza maumivu. Majaribio yalikuwa madogo na dhaifu. Mwaka wa 2022, NICE ya Uingereza ikasema wagonjwa hawa wasipewe TENS. Inachopendekeza ni mazoezi, na kupunguza uzito kama umezidi.

Mimi niliacha chuo, na si daktari. Lakini matangazo haya yanamlenga shosho, na maumivu yake ni ya kweli. Pesa yake pia. Mrumi alikuwa na samaki tu. Sisi tuna ushahidi. Tuusome kwanza kabla ya kutuma M-Pesa.