Asili ya Urithi Katika Lugha za Kompyuta

Mwaka 1967, mfanyakazi mgeni katika Kituo cha Kompyuta cha Norwe, mjini Oslo, alimwendea mpokea simu kwa hofu akasema kwamba watu wawili wanapigana mbele ya ubao. Mpokea simu akatoka, akatega sikio kidogo, kisha akamtuliza: hao ni Dahl na Nygaard tu, wanazungumza juu ya Simula.

Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard hawakuwa maadui. Walikuwa wakitunga lugha ya kuiamuru kompyuta, na sauti zao zilipanda kwa kuwa jambo walilolitafuta lilikuwa gumu kulishika, yaani jinsi ya kuieleza mashine kwamba vitu viwili ni mbalimbali, na papo hapo ni vya namna moja.

Lugha yao ya kwanza, Simula, ilikuwa imeanza kutumika mwaka 1965. Kazi yake ilikuwa kuigiza mambo ya ulimwengu ndani ya kompyuta, ili watu wapate kuyapima kabla ya kuyatenda. Natufikiri daraja ambapo magari husimama kulipa ushuru. Atakaye kujua foleni itakuwa ndefu kiasi gani, au kama kibanda cha pili cha ushuru kinahitajika, huandika programu yenye malori, mabasi na magari madogo, kila moja likifika kwa wakati wake. Lori lina uzito wa shehena. Basi lina idadi ya abiria. Lakini yote hufika, hungoja nyuma ya mengine, hulipa, huondoka. Katika Simula ya kwanza mwandishi alilazimika kueleza kufika na kungoja na kulipa mara moja kwa lori, mara ya pili kwa basi, mara ya tatu kwa gari dogo. Kuandika mara tatu si adhabu kubwa. Taabu huja siku kanuni ya ushuru inapobadilika. Hapo hana budi kusahihisha mahali patatu, na aghalabu husahihisha pawili.

Septemba 1966, katika mafunzo yaliyofanyika Villard-de-Lans, Ufaransa, Mwingereza Tony Hoare alieleza wazo la kupanga habari katika aina, na aina katika aina ndogo. Dahl na Nygaard walilipenda wazo hilo, walakini halikuwatosha. Kwa Hoare, aina ndogo zilipaswa kutajwa zote tangu mwanzo ndani ya aina kubwa, mithili ya kijana anayetakiwa kuwataja wajukuu wake kabla hajaoa. Wao walitaka mtu aandike leo habari za foleni, na mwingine, wasiyejuana naye, aje kesho aongeze kitu chake katika foleni ile ile.

Ufumbuzi walioupata mwanzoni mwa mwaka 1967 ni mwepesi kuueleza, kama ulivyo ufumbuzi mwingi ukishapatikana. Aina ya jumla, tuiite Gari, huandikwa peke yake. Kisha atakaye lori huweka jina la Gari mbele ya maelezo ya Lori, na jina hilo la mbele latosha: yote yaliyomo katika Gari yamo katika Lori, nalo Lori huongeza uzito wa shehena. Kupanda kutoka Lori na Basi hadi Gari ni kujumlisha. Twaacha kando yanayotofautisha, twashika yanayofanana. Kushuka kutoka Gari hadi Lori ni kupambanua. Twashika ya jumla na kuongeza ya pekee.

Baadaye jambo hili likaitwa urithi, jina ambalo, nadhani, limewapotosha wanafunzi wengi. Nyumbani mrithi hupata shamba baada ya mwenyewe kufa, na wakiwa ndugu wengi kila mmoja hupata kipande. Hapa mzazi hafi wala hapungukiwi, na watoto mia hupokea shamba zima kila mmoja. Tena mzazi akirekebishwa, watoto wote hubadilika pamoja naye, kwa wema au kwa ubaya.

Lugha mpya, Simula 67, iliwekwa mbele ya wataalamu huko Lysebu, karibu na Oslo, Mei 1967. Yenyewe haikuenea sana, lakini wazo lake lilisafiri. Huko Marekani, kundi la Alan Kay katika maabara ya Xerox lilitunga Smalltalk. Ile ya mwaka 1972 haikuwa na urithi, ikaupata katika toleo la 1976. Bjarne Stroustrup, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa ameitumia Simula akisoma Cambridge, alianza mwaka 1979 kuiongezea lugha ya C aina na urithi, na kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa C++. Java ikafuata mwaka 1995.

Lakini palikuwa na mtego njiani. Darasani twafundisha kwamba kila mraba ni mstatili, na ni kweli. Basi mtu huandika aina ya Mstatili, yenye urefu na upana, na amri ya kubadili upana peke yake. Kisha huufanya Mraba kuwa mrithi wake. Mwenzake anapokea kile anachokijua kuwa mstatili wenye urefu wa mita 5, anaagiza upana uwe mita 10, na anatarajia eneo la mita 50 za mraba. Kumbe alichopewa ni mraba. Mraba hauna budi kuwa na pande sawa, kwa hiyo urefu nao umegeuka 10, na eneo limekuwa 100. Kama alikuwa akihesabu mabati ya kuezekea, amenunua mara mbili. Hesabu haikusema uongo: mraba wa daftarini ukishachorwa haubadiliki, lakini mraba wa programu hupokea amri. Barbara Liskov, mtaalamu wa Marekani, alilieleza sharti hili katika hotuba yake ya mwaka 1987: mrithi awe ni yule awezaye kusimama popote alipotarajiwa mzazi, na aliyemtarajia mzazi asipate hasara.

Wako waliochoka na mitego ya namna hii. Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, haina urithi wa aina. Mwandishi huunda kitu kikubwa kwa kuweka vidogo ndani yake. Dahl na Nygaard hawakuishi kuiona. Walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wawili wakafariki mwaka 2002, Dahl mwezi wa Juni, Nygaard mwezi wa Agosti.