Baruti na Suala la Kujitegemea
Katika karne ya 19, magobori yalienea Ugogo na Unyamwezi kwa njia ya misafara ya pembe za ndovu. Kila mpigaji alijipimia baruti: ikipungua, risasi haifiki, ikizidi, mtutu hupasuka. Ujuzi huo ulikuwa wetu. Lakini baruti yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilitoka pwani, nako ilitoka ng'ambo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukaiweka biashara hiyo mikononi mwa wakoloni. Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipozidiwa na Wajerumani Tabora, alilipua ghala lake la baruti ili asitekwe. Tunajifunza nini? Ushujaa tulikuwa nao. Tulichokosa ni njia za uzalishaji. Anayekuuzia baruti ndiye anayeamua vita vyako vikome lini.