Waliotutibu kwa Chakula

Watu wengi hudhani kwamba kumtibu mgonjwa kwa chakula, huku ukiangalia mwili na nafsi yake kwa pamoja, ni fikira iliyozuka juzi huko Ulaya na Marekani. Lakini aliyepata kuisoma tiba ya Wayunani, kama ilivyohifadhiwa na kukuzwa kwa lugha ya Kiarabu, ataikuta imekwisha kukomaa katika karne ya 11, zama za Ibn Butlan, tabibu Mkristo wa Baghdad, ambaye katika kitabu chake Taqwim al-Sihha aliijenga siha juu ya mambo 6: hewa, chakula na kinywaji, mwendo na utulivu, usingizi na kukesha, kutoka na kuzuilika kwa taka za mwili, na hali za moyo kama ghadhabu, furaha na hofu. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alifundisha katika Qanun yake kwamba kila mwili una mchanganyiko wake wa damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kila chakula kina tabia yake ya joto au baridi, ya ukavu au unyevu, hata kinachomponya Zaidi kikaweza kumdhuru Amri.

Hikima hiyo ilivuka bahari ikafika pwani yetu, na mpaka leo Lamu, Mombasa na Unguja utasikia chakula fulani kikiitwa cha moto na kingine cha baridi, wala msemaji hakusudii moto wa jikoni. Mzazi aliye katika arobaini yake hupewa uji wa pilipili manga, huzuiliwa vitu vya baridi, hukandwa kwa maji ya moto, na hulindwa asibughudhiwe. Na mimi naiheshimu sana kazi hiyo ya makungwi na wakunga wetu, madhali mikono ile ile iliyokoroga uji ndiyo iliyomkanda mgonjwa, na masikio yale yale ndiyo yaliyosikiliza huzuni yake.

Elimu ya pili, ile ya lishe inayopima virutubisho, ilianza kwa swali jingine kabisa. Katika miaka ya 1890 Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi aliyekuwa Java, aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakipata maradhi yanayofanana na beriberi, na waliporudishiwa mchele wenye kumvi zake za ndani wakapona. Na mwaka 1912 Casimir Funk akavipa jina la vitamini vile vitu vidogo vilivyokosekana. Tangu hapo mtaalamu hakuuliza tena huyu ni nani, bali aliuliza katika sahani yake kumepungua nini, na kwa swali hilo maradhi yaliyoua maelfu yalipatiwa dawa, fadhila ambayo haipasi kupuuzwa na yeyote.

Lakini kipimo peke yake kina upofu wake. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walitangaza uchunguzi wao wa Kenya, uliolinganisha Wamasai wanywao maziwa na Wakikuyu walao nafaka, mizizi na ndizi, wakaona wanaume wa Kimasai wamezidi kwa kimo na uzito. Nami nasema kwamba hesabu ya namna hiyo haikamiliki pasipo kuihesabu ardhi waliyonyang'anywa watu wale, kwa kuwa asiye na shamba hachagui chakula chake.

Tanganyika ilipokwisha kuwa Tanzania, elimu hizi mbili zilipewa nyumba mbalimbali: Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ikapitishwa mwaka 2002. Huko Uingereza nako, mtaalamu wa lishe ya wagonjwa hospitalini analindwa cheo chake na sheria, lakini jina la mshauri wa lishe aweza kujiita yeyote apendaye. Hapa kwetu mgonjwa wa kisukari huweza kwenda kwa watu wa elimu zote mbili, asubuhi kliniki na jioni kwa tabibu wa mitishamba, bila hata mmoja kumwuliza yule mwingine alimwagiza nini. Na hapo ndipo ninapoingiwa na hofu, kwa sababu mtu aliyeshauriwa kuacha insulini yake, huku daktari wake hana habari, huweza kufariki kabla ya siku yake ya kurudi kliniki.