Ubunifu Wazi: Istilahi na Matumizi Yake katika Kampuni

Ubunifu wazi ni utaratibu ambao kampuni huruhusu mawazo, maarifa na teknolojia kuvuka mipaka yake kwa makusudi, ama kwa kuyaingiza kutoka nje ili yatumike katika bidhaa zake, ama kwa kuyatoa yale yaliyokaa kabatini bila kazi ili wengine wauziwe au wapewe leseni ya kuyatumia. Istilahi asilia ya Kiingereza ilienezwa na Henry Chesbrough, msomi wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kiitwacho Open Innovation, ambamo aliutofautisha utaratibu huo na ubunifu funge, yaani ule ambao maabara ya kampuni hubuni, huendeleza na kufikisha sokoni kila kitu yenyewe. Miongoni mwa mifano aliyoichambua ni Xerox, ambayo kituo chake cha utafiti cha Palo Alto, kilichoanzishwa mwaka 1970, kilizaa teknolojia nyingi za kompyuta ambazo kampuni mama haikuona namna ya kuzitumia, na baadhi ya watafiti wakaondoka nazo wakaanzisha kampuni kama 3Com na Adobe.

Katika Kiswahili, nomino haina ugumu mkubwa. Ugunduzi ni kukibaini kitu ambacho tayari kipo, uvumbuzi ni kutengeneza ambacho hakikuwapo, na ubunifu, kama unavyotumiwa na taasisi za Tanzania zinazoshughulikia sayansi, teknolojia na ubunifu, ni hatua pana zaidi ya kulifikisha wazo kwa mtumiaji likawa na thamani. Waandishi wengi wa Kenya husema uvumbuzi kwa maana hiyohiyo, na hakuna sababu ya kugombana nao. Ugumu uko kwenye kivumishi. Neno huria, ambalo lingeweza kupendekezwa kwa kufuata programu huria, hubeba maana ya kutobanwa na masharti, ilhali kampuni inayofuata utaratibu huu huendelea kumiliki hataza na kudai malipo. Shirikishi nalo linaeleza kazi ya pamoja tu, wakati kuuza leseni kwa mgeni si lazima kuwe ushirika. Wazi linafaa zaidi, kwa kuwa mlango ulio wazi bado una mwenyewe, na pia kwa kuwa watafiti wamekwisha kuzoea jozi ya wazi na funge katika maswali ya hojaji.

Tofauti hiyo ya wazi na huria ina uzito katika utendaji. Safaricom ya Kenya ilipozindua jukwaa la Daraja mwaka 2017, iliwawezesha waandaaji wa programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa, huduma yake ya pesa kwa simu, lakini kwa kujisajili, kupewa funguo za siri na kukubali masharti, huku huduma yenyewe ikibaki mikononi mwa mwenye nayo.

Kwa upande wa kuingiza maarifa, mfano unaofundisha zaidi ni wa Procter & Gamble ya Marekani, ambayo chini ya A. G. Lafley, aliyeshika uongozi mwaka 2000, ilijiwekea lengo kwamba nusu ya ubunifu wake utoke nje. Ilipotaka kuchapa picha na maneno juu ya vipande vya krispi zake za Pringles, iliandika maelezo mafupi ya tatizo, ikayasambaza katika mitandao yake, na huko Bologna, Italia, kikapatikana kiwanda kidogo cha mikate cha profesa wa chuo kikuu ambaye alikuwa amebuni njia ya kuchapa picha zinazolika juu ya keki na biskuti. Bidhaa ikaingia sokoni Amerika Kaskazini mwaka 2004. Kazi ngumu hapo ni kuandika tatizo, kwa sababu maelezo yakijaa lugha ya ndani ya kiwanda, mwoka keki hatajitambua ndani yake, na yakiwa ya jumla mno yataleta rundo la mapendekezo yasiyofaa.

Hataza, usiri na mgawanyo wa mapato hupaswa kuandikwa kabla ya mazungumzo ya kina, si baada ya wazo kukubaliwa. Kampuni pia isivunje kitengo chake cha utafiti kwa kudhani kwamba wa nje watatosha, maana asiye na mtaalamu wake hawezi kupima alicholetewa. Hata hivyo, mara nyingi kikwazo huwa ni wahandisi wa ndani, ambao hulikataa jambo kwa kuwa tu halikuanzia kwao, na tabia hiyo haiponywi kwa semina bali kwa kuwatambua na kuwatuza pia wanapoleta suluhisho la nje.

Mashindano ya ubunifu, ambayo ndiyo kampuni nyingi huanza nayo, huishia kwenye picha na hundi ya mfano pale ambapo hakuna meneja aliyepewa bajeti na mamlaka ya kusaini mkataba na mshindi. Kampuni ambayo haijamteua mtu huyo isitangaze shindano lolote.